Hewa ukaa ya nyumba huamuliwa kwenye ramani

Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Kabla fundi hajaupasua kwa koleo pale saiti, kabla haujaonja mchanga wala kokoto, umeshaacha angani kati ya kilo 30 na 45 za hewa ukaa, kutegemea klinka iliyomo ndani yake. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu humeza mifuko mingi: msingi, jamvi, matofali, lenta, plasta, sakafu. Siku familia inapohamia na kuwasha taa ya kwanza, sehemu kubwa ya madhara ya nyumba ile kwa tabianchi imekwisha kutokea. Hakuna taa ya kubana matumizi itakayoyarudisha nyuma.

Jambo hili hupotea katika mazungumzo mengi kuhusu majengo rafiki kwa mazingira, kwa sababu mazungumzo hayo yalianzia nchi za baridi. Ulaya, nyumba huchafua hewa zaidi wakati inakaliwa. Miezi ya baridi hupashwa joto kwa gesi au mafuta, mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana wataalamu wa huko wamehangaika kwa miongo kadhaa na kuta zilizojazwa sufi na madirisha ya vioo viwili viwili. Sisi wa Pwani hatuna theluji ya kupigana nayo. Na umeme wetu unazidi kuwa safi. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Tanzania, mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ina uwezo wa kufua megawati 2,115. Umeme ukisafika, mzigo unahamia kwenye vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, aluminiamu, vioo, vigae vilivyovuka bahari.

Duniani kote, sekta ya majengo na ujenzi hubeba zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa inayotokana na nishati na viwanda. Wakubwa katika hesabu hiyo wamekwisha kujenga miji yao, sisi ndiyo kwanza tunajenga. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na Dar es Salaam peke yake ikavuka milioni 5.3. Sehemu kubwa ya kazi ya kuwapa watu hawa na watoto wao paa la kuishi bado haijaanza. Tukiijenga kwa mazoea ya leo, tutakuwa tumefunga milango ya malengo yetu wenyewe kwa zege, na zege halibomoki kirahisi.

Nasema mazoea kwa makusudi. Uamuzi mkubwa kuhusu hewa ukaa ya jengo hufanywa mapema sana, mezani kwa mchoraji, pengine katika jioni moja, na mara nyingi bila mtu yeyote pale kujua kwamba unafanywa.

Ndani ya tanuri

Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, kiwanda kimekuwa kikila kilima tangu miaka ya 1960. Bamburi, Mombasa, kazi ilianza mapema zaidi, miaka ya 1950, na machimbo yaliyoachwa yakawa jangwa jeupe la matumbawe hadi mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda mivinje mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo pale pana msitu, vidimbwi na wanyama, na wanafunzi huletwa kutembea. Mashimo yanaweza kuponywa. Kinachotoka kwenye bomba la moshi hakiponyeki hivyo.

Jiwe la chokaa husagwa pamoja na udongo, likaingizwa katika tanuri refu linalozunguka, na moto ukapanda hadi nyuzi joto 1,450. Humo jiwe huvunjika. Katika kila kilo 100 za chokaa safi, kilo 44 huondoka kama hewa ukaa, na hizo hazina uhusiano na aina ya kuni, gesi au makaa yaliyowashwa. Zimo ndani ya jiwe lenyewe tangu lilipofanyika chini ya bahari. Hata tanuri lingechomwa kwa umeme wa jua mtupu, zingetoka. Takriban asilimia 60 ya hewa ukaa ya kiwanda cha saruji hutoka kwenye jiwe, iliyobaki kwenye moto. Kinachobaki tanurini ni klinka, vidonge vigumu vya kijivu, na klinka ikisagwa pamoja na jasi kidogo ndiyo saruji tunayoijua. Kwa jumla saruji hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa yote inayosababishwa na binadamu.

Kwa hiyo njia ya kwanza ya kupunguza madhara ya mfuko ni kupunguza klinka iliyomo. Hapa mfuko wenyewe unastahili kusomwa. Kwenye karatasi yake kuna herufi CEM na namba ya Kirumi. CEM I ni klinka karibu tupu. CEM II imechanganywa na vitu vingine, mara nyingi unga wa chokaa ambao haukuchomwa. CEM IV ina pozolana, yaani majivu ya volkano, ambayo asili ilikwisha kuyachoma kwa moto wake bila gharama yetu. Kisha kuna namba nyingine, 32.5 au 42.5, na hiyo watu wengi wanaijua. Ni kipimo cha nguvu ya saruji baada ya siku 28.

Fundi atakwambia, “Bosi, chukua ya 42.5, hiyo ndiyo kali.” Kwa nguzo na slabu ya ghorofa ana haki. Kwa plasta, kwa kujengea ukuta wa chumba na kwa sakafu ya kawaida, 32.5 inatosha kabisa, bei yake ni nafuu, na kwa kawaida ina klinka kidogo zaidi. Ni uchaguzi mdogo sana unaofanyika kaunta ya duka la vifaa, na unafanywa kimakosa maelfu ya mara kila siku kuanzia Mbagala hadi Kasarani.

Majivu ya volkano tunayo. Yapo nyanda za Mbeya na Songwe, yapo Kilimanjaro, na Kenya yapo pande za Athi River. Tuna pia kitu kingine tulichokidharau: udongo wa mfinyanzi. Watafiti wa Uswisi, Cuba na India, wakiongozwa na wahandisi kama Karen Scrivener na Fernando Martirena, wamethibitisha kwamba udongo huo ukichomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, ukachanganywa na unga wa chokaa isiyochomwa, unaweza kuchukua nafasi ya karibu nusu ya klinka. Hewa ukaa hupungua kwa hadi asilimia 40 na zege linabaki imara. Ghana imekwisha kuingia katika uzalishaji wa udongo wa namna hiyo kwa kiwango cha kiwanda. Afrika Mashariki ina udongo unaofaa katika mikoa mingi, na ina viwanda vya saruji ambavyo vingeweza kuuchoma. Sioni sababu ya sisi kuwa wa mwisho.

Lakini lazima niseme jambo moja waziwazi, kwa sababu katika miji yetu maneno “punguza saruji” yanaweza kusikika vibaya. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu waliokuwa kazini na wateja waliokwenda kununua bidhaa. Kupunguza saruji kwa kuiba mifuko, kwa kuongeza maji kwenye zege ili litiririke, au kwa kumruhusu fundi akisie kipimo kwa toroli, huo ni uuaji unaosubiri siku. Jengo la ukaa mdogo linahitaji mhandisi zaidi, na linahitaji vipimo zaidi, kuliko jengo la kubahatisha. Kwa kweli wanaobahatisha ndio wanaomaliza saruji nyingi. Fundi asiye na hesabu ya mhandisi hujaza nondo na zege pasipohitajika kwa hofu, kisha hupunja pale panapobeba mzigo.

Urefu wa boriti

Nyumba za mawe za Unguja, Lamu na Mombasa zina vyumba virefu na vyembamba. Mgeni akiingia huona ajabu: ukumbi wenye urefu wa kutosha kuandaa karamu, lakini upana wake ni mita mbili na nusu, pengine tatu. Sababu iko juu ya kichwa chake. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka una kikomo cha urefu. Mjenzi alianza na kile ambacho mti unaweza kukibeba bila kupinda, akakifanya kuwa upana wa chumba, na nyumba nzima ikapangwa kufuata kipimo hicho. Majahazi yaliyobeba boriti kutoka Rufiji na Lamu yalizipeleka hadi Ghuba, ndiyo maana nyumba za kale za Oman nazo zina vyumba vya upana wa namna ile ile.

Mchoraji wa leo hana mkoko wa kumzuia. Ana programu ya kompyuta. Anaweza kuvuta chumba cha maongezi kikawa mita saba kwa nane bila nguzo katikati, kwa kuwa mteja kaona picha kwenye simu. Bei ya uamuzi huo italipwa na slabu. Umbali kati ya nguzo ukiongezeka, unene wa zege huongezeka, uzito wenyewe wa slabu huongezeka, mihimili huongezeka kina, nguzo hunenepa, na msingi hushuka chini zaidi ili kubeba vyote hivyo. Sehemu kubwa ya zege inakuwa imemwagwa ili kubeba zege jingine. Nguzo moja ikiongezwa mahali penye akili, au ukuta ukisogezwa kidogo, mifuko kadhaa hubaki dukani na hakuna anayepungukiwa chochote. Hili halihitaji teknolojia yoyote mpya. Linahitaji mchoraji na mhandisi wakae meza moja kabla ramani haijakauka.

Nyumba za mawe zina somo la pili, nalo linahusu joto. Kuta zake ni nene, za matumbawe na chokaa, na hupokea joto polepole mchana. Njia kati ya nyumba ni nyembamba, kiasi kwamba jua hugusa chini kwa muda mfupi tu, na hewa iliyo kivulini hutembea. Ua wa ndani hupandisha hewa moto juu na kuvuta iliyopoa kutoka upande wa njia. Plasta ya chokaa inaruhusu unyevu kupita, ukuta unakauka. Nyumba ile ile ikikarabatiwa kwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hupasua mawe, na mwenye nyumba huanza kulalamika kwamba nyumba za kale hazidumu.

Hata hivyo sitaki kuwapamba wahenga kupita kiasi. Tanuri la chokaa la Kizanzibari lilikuwa rundo la magogo lenye matumbawe juu, na lilikula miti bila huruma. Matumbawe ni nyumba ya samaki. Mikoko, ambayo sasa tunajua huzika ukaa mwingi kwenye tope la mizizi yake, haifai kukatwa tena kwa ajili ya dari za watu milioni 60. Kinachofaa kurithiwa kutoka kwao ni mpangilio: kuanza na kile kifaa kinachoweza, kisha jua, kisha upepo, halafu ndipo sura.

Jua na pepo mbili

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Maana yake ni kwamba saa sita mchana jua liko karibu juu ya utosi mwaka mzima. Juni huelekea kaskazini kidogo, Desemba kusini kidogo. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaweza kulindwa na upenu wa kawaida tu. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi hauna bahati hiyo. Asubuhi na alasiri jua huja likiwa chini, likapita chini ya upenu, likaingia dirishani hadi kitandani. Ndiyo maana kanuni ya kwanza kwa nchi zetu ni nyumba ilale mashariki-magharibi, ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, na zile pande mbili fupi zipewe madirisha madogo, au choo, stoo na ngazi.

Pepo nazo tunazijua kwa majina. Kusi huvuma kutoka kusini tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba, kaskazi huchukua nafasi miezi ya joto kali. Manahodha walipanga safari za mwaka mzima kwa pepo hizo. Mchoraji wa nyumba ya Tegeta au Nyali angeweza kupanga madirisha mawili yanayotazamana. Dirisha moja halitoshi. Hewa haiingii chumba ambacho haina pa kutokea.

Dodoma ni habari tofauti, na hapa ndipo ramani za kununua mtandaoni zinapotuumiza. Dodoma ni kavu, mchana joto, usiku baridi. Huko ukuta mnene wa udongo hufanya kazi nzuri, kwa sababu hupokea joto mchana na kulitoa usiku kunapohitajika. Pwani, usiku wa Februari wenye unyevu, ukuta mnene usiopata upepo hugeuka tanuri. Nairobi, mita karibu 1,800 juu ya bahari, karibu haihitaji kupozwa wala kupashwa joto hata kidogo, ikiwa jengo halikufunikwa kwa vioo. Lakini ramani ile ile, ya bei ile ile, hutumwa kwa WhatsApp kwa mteja wa Kigamboni, wa Dodoma na wa Makambako.

Mtindo unaotamba sasa unaongeza tatizo. Nyumba ya kisasa, tunaambiwa, ni ile yenye paa lililofichwa: kuta zimepandishwa juu kuzunguka bati, upenu umeondolewa, mbele pana kioo kikubwa. Inapendeza kwenye picha. Ukiitazama kwa karibu baada ya misimu michache ya masika, utaona michirizi myeusi ukutani pale maji ya mvua yanaposhuka bila kizuizi, rangi inayobanduka chini ya madirisha, na mifereji iliyofichwa inayovuja katikati ya dari la jipsamu. Jua nalo linapiga ukuta mtupu kuanzia asubuhi. Upenu wa sentimita 80 au mita moja ungezuia hayo yote. Umeondolewa, na mahali pake pamewekwa kiyoyozi.

Kiyoyozi kina madhara mawili. Kinakula umeme, hilo kila anayenunua luku analijua. La pili ni gesi iliyomo ndani yake. Gesi ya R-410A, ambayo imo katika viyoyozi vingi vilivyoko majumbani na maofisini, ikivuja hupasha anga joto zaidi ya mara 2,000 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa. Fundi anayefungua bomba na kuiachia hewani ili ajaze nyingine anafanya uharibifu usioonekana kwa macho. Oktoba 2016, nchi za dunia zilikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Makubaliano hayo yanaitwa kwa jina la mji wetu wa Afrika Mashariki. Tuna kila sababu ya kuyachukulia kuwa yetu, na njia rahisi ya kuyatekeleza ni kujenga vyumba visivyohitaji kiyoyozi, au vinavyokihitaji usiku wa siku chache tu, feni ikitosha zilizobaki.

Hayo si ndoto. Soko la Kariakoo la miaka ya 1970, kazi ya mbunifu majengo Beda Amuli, lilifunikwa kwa paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini. Miavuli ile ilileta kivuli, ikaacha hewa ipite pembeni, na ikakusanya maji ya mvua kupitia nguzo hadi kwenye tangi lililo chini. Soko lenye maelfu ya watu, samaki, nyanya na jasho, likapumua bila mashine. Gigiri, Nairobi, ofisi mpya za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa 2011 zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi 1,200, bila viyoyozi, hewa moto ikipandia ukumbi wa katikati ulio wazi na kutokea juu, na paneli za jua za mita za mraba 6,000 zikiwa juu ya paa. Turkana, mahali ambapo joto halina mzaha, Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyetunukiwa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, amejenga kampasi ya mafunzo ya teknolojia yenye minara mirefu iliyoiga vichuguu vya mchwa. Hewa moto hupanda kupitia minara, ya chini iliyopoa ikaingia.

Udongo na mbao

Katika Wilaya ya Bugesera, Rwanda, kuna chuo cha kilimo hifadhi, RICA, kilichojengwa kwa udongo wa kushindiliwa na matofali ya udongo yaliyokandamizwa kwa mashine. Wabunifu wake, MASS Design Group, walichukua udongo kwenye eneo lenyewe, mawe ya karibu kwa ajili ya msingi, na mbao za nchi. Sehemu kubwa sana ya uzito wa majengo yale haikusafiri mbali. Wanafunzi wanasoma humo, na hakuna anayeyaita majengo ya kimaskini.

Neno hilo, umaskini, ndilo kikwazo kikubwa cha udongo kwetu. Nyumba ya tope inakumbusha dhiki, na mtu aliyetoka humo hataki kurudi. Namwelewa. Ila tofali la kufungamana si tope. Udongo wenye mchanga wa kutosha huchekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo, ukatiwa kwenye mashine ya mkono na kukandamizwa. Tofali linatoka na meno juu na mashimo chini. Huwekwa kivulini, likafunikwa na kumwagiliwa maji siku kadhaa. Halichomwi, kwa hiyo hakuna kuni. Likipangwa, jino huingia shimoni, na safu nyingi hazihitaji udongo wa kuunganishia hata kidogo. Plasta unaweza kuiacha, ukuta una sura yake. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha matofali hayo na kutengeneza mashine zake kwa miaka mingi. Shule, zahanati na nyumba za watumishi zimejengwa kwayo. Linalokosekana ni benki na taasisi za mikopo kuyatambua bila wasiwasi, na mafundi wa kutosha waliofunzwa kuchagua udongo, kwa sababu udongo mbaya hutoa tofali baya.

Mbao ni suala jingine, na hapa nina mashaka kidogo. Zanzibar, mradi wa mnara wa ghorofa 28 wenye urefu wa mita 96, Burj Zanzibar, ulitangazwa mwaka 2022 kwa ajili ya mji wa Fumba, ukitegemea mbao zilizounganishwa kwa gundi pamoja na zege. Hesabu ya mbao ni nzuri: karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni ukaa ulionyonywa hewani, na ukiwa ndani ya jengo hauendi popote. Lakini mbao za mabamba mazito ya namna ile zikiletwa kwa meli kutoka Ulaya, tutakuwa tumenunua msitu wa watu wengine huku shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, lililojaa misindano, likiendelea kutupatia mbao za kenchi na nguzo za umeme. Kiwanda cha kuunganisha mbao kubwa Mufindi kingeleta ajira Iringa na Njombe. Kingelazimika kupambana na mchwa na unyevu wa Pwani kwa dawa na kwa ubunifu wa kina, kuinua mbao juu ya ardhi na kuzipa upenu. Miti nayo ipandwe kila inapokatwa, vinginevyo hesabu yote inaharibika.

Kwenye kibali cha ujenzi

Tanzania iliahidi chini ya Mkataba wa Paris kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote. Kenya iliahidi asilimia 32. Ahadi hizo zinasomwa kwenye mikutano. Afisa wa halmashauri anayepokea maombi ya kibali cha ujenzi hana mahali pa kuziandika. Anaangalia mipaka ya kiwanja, umbali kutoka barabarani, shimo la maji taka, uimara. Haulizi nyumba inatazama wapi, wala itameza saruji kiasi gani.

Hesabu ya hewa ukaa ya jengo si ngumu, kwa kuwa sehemu yake imekwisha kufanyika. Kila mradi wenye mkadiriaji majenzi una mchanganuo wa vifaa: mifuko ya saruji, tani za nondo, mita za mraba za vioo. Ukizidisha kila kifaa kwa hewa ukaa yake, unapata jumla. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ingeweza kutoa jedwali moja la vipimo hivyo na kuwataka wanachama wake waambatishe jumla hiyo kwenye kila mradi mkubwa. Serikali ianze na majengo yake yenyewe: shule, vituo vya afya, ofisi za wilaya, nyumba za watumishi. Ndiye mteja mkubwa kuliko wote, na ndiye aliyetia saini.

Wizara iweke kiwango cha chini kwa nyumba za kawaida: upenu usiopungua kipimo fulani, madirisha ya pande mbili kwa kila chumba cha kulala panapowezekana, na ghorofa za vioo vitupu zilizogeukia magharibi zikataliwe mpaka zipate kivuli. Hakuna kati ya hayo linaloongeza gharama kubwa, na mengine hupunguza.

Na wewe unayejenga, au unayejiwekea tofali moja moja kwa miaka mingi kama tulivyo wengi, usinunue ramani ya mtu ambaye hajaona kiwanja chako. Mpeleke kwanza. Muulize jua litachomozea upande gani wa chumba cha watoto, kusi itaingilia wapi na kutokea wapi, na slabu itakula mifuko mingapi. Asipokuwa na jibu, tafuta mchoraji mwingine kabla hujalipa.